Matofali Chini ya Kitanda cha Mkwe

Siku Mama Sekela alipomkabidhi Blandina mwiko wa nyumba ile ya Uyole, alimkabidhi na lawama zake, ila lawama huwa hazionekani siku ya kwanza. Magoti ya mama huyo yalikuwa yamegoma kukunjika, kigoda cha jikoni kikamshinda, basi Blandina, mke wa mwanawe, akawa mpishi wa wote. Mwezi haujatimia, Mzee Abrahamu, mumewe, usingizi ukamkimbia. Anakula, ananawa, anapanda kitandani, na kabla shuka halijapata joto anainuka akikohoa kama mtu aliyepaliwa na pilipili. Maji machungu yanampanda mpaka kooni, kifua kinawaka moto. Sauti yake, ambayo kwa miaka ishirini ndiyo iliyokuwa ikianzisha nyimbo kanisani, ikawa ya kukwaruza kama ya jogoo anayejifunza kuwika.

Ukweli ni kwamba kiungulia alikuwa nacho tangu zamani. Kilikuwa kinatembea polepole, sasa kilianza kukimbia. Lakini nani anakumbuka ugonjwa wa mwaka juzi wakati mpishi mpya yupo jikoni?

"Mimi sisemi kitu," alisema Atupele, binti wa nyumba ile aliyerudi kwao baada ya ndoa kumshinda. Alikuwa anachambua mboga uani na jirani wawili. "Nahesabu miezi tu. Mama kapika miaka thelathini na nane, baba analala. Mhehe kapika mwezi mmoja, baba hamezi mate."

Jirani mmoja akauliza kama mbwa wa pale bado yupo, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa, na Mhehe yupo karibu na sufuria. Wakacheka. Na Blandina, aliyekuwa akisonga ugali hatua nne kutoka pale, akacheka nao, kwa sababu utani usipoucheka unageuka kesi.

Lakini hesabu ya wifi yake alijua inaelekea wapi. Mwanamke anayesemwa kwamba mkono wake unamuumiza mkwe hapewi barua, anafungiwa mizigo. Na mtoto hafungwi ndani ya mizigo. Ng'ombe wa mahari walishatoka, mtoto ni wa ukoo, hilo hata wa kulijadili hakuna. Tusa alikuwa na miaka mitano, bado analala ameshika sikio la mama yake. Kwa hiyo kila mzee alipokohoa upande wa pili wa ukuta, Blandina aliona kama mtu anamvuta mtoto kutoka mikononi mwake, kidogo kidogo, kikohozi kwa kikohozi. Mzee yule akipona, yeye atabaki na mwanawe. Asipopona, ataondoka peke yake. Hakukuwa na njia ya tatu.

Na uchungu wenyewe ni kwamba dawa yake aliijua.

Kabla hajaolewa, Blandina alikuwa ameuza miaka minne katika duka la dawa la Himmat, kule kwao Iringa. Himmat alikuwa mtu wa kumfundisha mteja kwanza ndipo amuuzie, hata kama mteja ana haraka. Akija mtu wa kiungulia, anachukua chupa ya dawa ya maji, analegeza kifuniko, anaisimamisha juu ya kaunta. "Unaona? Imesimama, haivuji." Kisha anailaza, dawa inachuruzika mpaka kwenye kitambaa. "Tumbo lako ndiyo hivi hivi. Hapa juu kifuniko kimelegea. Unajaza chupa mpaka shingoni, halafu unailaza. Tindikali itakwenda wapi? Itapanda kooni. Kidonge nitakuuzia, lakini kidonge hakikazi kifuniko. Wewe acha kulaza chupa iliyojaa."

Maneno yale Blandina aliyasikia mara mia, akayashika kama mtu anavyoshika sala. Kula kidogo, na kula mapema, saa tatu zipite ndipo ulale. Punguza mafuta, pilipili, kahawa, na chai nzito. Mkanda usikaze tumbo. Kidonge unakimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya chai, siyo ukishashiba. Na kitanda kiinuliwe upande wa kichwani, miguu ya kitanda yenyewe ikae juu ya matofali. Mito haisaidii, mito inamkunja mtu tumbo kama karatasi.

Kujua ni kitu kimoja, kusema ni kingine. Familia ya Mzee Abrahamu ni Wanyakyusa waliotoka Rungwe, na ingawa walikuwa mjini na bati lao ni la rangi, kutila walikuwa hawajaacha. Kutila ndiyo ile mkamwana na baba mkwe kuogopana: hawatazamani usoni, hawasalimiani, hawapiti njia moja, na jina lake mkamwana halitamki. Blandina akisikia fimbo ya mzee kwenye sakafu, anajibanza nyuma ya mlango wa stoo mpaka ipite. Miaka sita katika nyumba ile, alichokijua cha mkwewe ni visigino, kofia, na kikohozi. Angeanzia wapi kumwambia habari za tumbo lake?

Ilibidi maneno yapite kwa Mama Sekela, na Mama Sekela hakuwa mlango, alikuwa ukuta.

Alianza na vidonge. Zahanati walikuwa wamempa mzee vidonge vyake, naye akawa anavimeza usiku baada ya kushiba, kwa chai ya tangawizi. Blandina akamwomba mama kwa adabu, amepiga magoti, kwamba vidonge vile ni vya asubuhi kabla ya chai. Mama Sekela akamjibu kwamba yeye alimmezesha mume wake dawa wakati Blandina hajazaliwa, na kama huko Iringa wake wanawapangia waume saa za kumeza, hapa sio Iringa.

Akajaribu sahani. Saa kumi na mbili jioni akapakua kidogo, ndizi za kuchemsha na maharage yasiyokaangwa, akafunika vizuri kwa kawa. Sahani haikufika. Mama aliikuta mezani, akaifunua, akaita watu waje kuona.

"Hiki ni chakula cha mzee au cha paka?"

Maana kwao sahani ya baba lazima isimame. Mgeni akiingia, heshima ya mwenye nyumba anaisoma kwenye kimo cha ugali wake. Kumpunguzia baba mkwe chakula ni kumwambia maisha yake yamebaki kidogo. Mama Sekela akaongeza ugali, akaongeza nyama ya nguruwe na mafuta yake, akaiweka sahani kando mpaka taarifa ya habari ya saa mbili iishe, kama ilivyo kawaida ya mzee. Mzee akala akamaliza. Akalala saa tatu kasoro. Saa tatu na nusu nyumba nzima ilikuwa macho.

Kesho yake Atupele alikuwa na la kusema tena kwenye uzio. Alisema mkamwana ameanza kumkondesha baba taratibu, ili akifa watu waseme ni maradhi. Na mzee naye, akiwa chumbani, akapaza ile sauti yake mbovu ili kila mtu asikie, kwamba siku hizi chakula cha nyumba hii kina mkono mwingine ndani yake. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Kuanzia hapo kila wema wa Blandina ulihesabiwa upande wa ubaya. Akipunguza pilipili, anaficha kitu kwa ladha. Akizidisha maji kwenye chai, anazimua dawa aliyoweka.

Mume wake, Sedekia, alikuwa dereva wa lori, na wiki hiyo alikuwa amekwama foleni ya Tunduma. Blandina akampigia. Akamweleza mambo yote, mpaka kitanda. Akamwuliza, kama mama amekataa na wewe haupo, nikiinua kile kitanda cha mzee kwa matofali itakuwaje? Sedekia alikuwa anaongea na watu wengine huku anamsikiliza. Akamwambia, "Fanya unavyoona, Mama Tusa. Betri inaisha huku."

Hapo ndipo Blandina alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu wa kuja. Kutila yeye aliielewa kuwa ni uso. Usimwone, asikuone, basi. Kwao Kalenga, huko Iringa, chumba cha baba mkwe anafagia yeyote mwenye ufagio. Akajipa moyo kwamba Jumapili mzee atakuwa kanisani, kwenye benchi la mbele, na kitanda hakina macho. Hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu mambo kama hayo hayasemwi, kwamba katika vyote vya baba mkwe, kitanda ndicho kikubwa. Afadhali ugongane naye sokoni uso kwa uso kuliko kugusa mahali anapolala.

Jumapili ile alibaki nyumbani kwa kisingizio cha maharage, akamwomba Mungu amsamehe kwa ibada aliyoikosa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na lundo la matofali ya kuchoma yaliyobaki walipojenga choo. Akachagua manne yaliyonyooka. Akachana kanga yake ya zamani vipande, akayafunga ili yasikwaruze sakafu wala kuteleza. Kitanda kilikuwa cha mninga, kizito kama deni la dhambi; alikiinua kwa mchi wa kinu, amefumba macho, huku midomo inasali. Mawili mguu huu, mawili mguu ule, upande wa kichwani. Akashusha shuka la juu mpaka likagusa sakafu. Alipotoka alikuwa anatabasamu.

Usiku wa siku hiyo alilala na sikio ukutani. Hakusikia kikohozi. Kimya kikazidi mpaka akaogopa, akadhani mzee amekufa na yeye ndiye muuaji. Kisha ukuta ukaleta mkoromo, mrefu, wa kushiba usingizi, na Blandina akamshukuru Mungu kwa mkoromo wa mwanaume asiyemtaka.

Asubuhi, Jumatatu, Mama Sekela mwenyewe aliingia jikoni akitafuta kikombe, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akamsemesha bila kuulizwa. "Ndaga, asante Mungu, baba yenu kalala jana. Kaamka na maneno." Akamimina chai akaenda zake.

Jumatatu hiyohiyo mchana, wamama wa kanisa walikuja kutangaza kwamba wameanza mfungo wa siku tatu kwa ajili ya mzee. Walikuwa wameupanga tangu wiki iliyopita. Walifunga kweli, kwa moyo safi, hilo hakuna wa kuwanyima. Jumanne mzee alilala. Jumatano alilala. Alhamisi aliimba ubeti mzima akiwa bafuni. Habari zikaenda mpaka sokoni kwamba maombi yamejibiwa, na Ijumaa wamama wakaja na matari kutoa shukrani.

Blandina alipika chai ya watu ishirini akiwa na furaha ambayo hakumwonyesha mtu. Kama wanasema ni maombi, na waseme, aliwaza. Mungu ana matofali yake na ana wafungaji wake. Yeye alichotaka ni mzee apumue na Tusa abaki.

Wamama wakasema shukrani ifanyike palepale adui aliposhindwa, yaani kitandani. Mzee akatolewa akaketi sebuleni. Wanawake wakajaa chumbani, wakaimba, wakapiga magoti kukizunguka kitanda. Mmoja aliyekuwa mnene, akitaka kujiegemeza, akashika shuka. Shuka likashuka lote.

Wimbo ulikatika kwa vipande, huyu akaacha, yule akaacha, mpaka akabaki mmoja aliyekuwa amefumba macho, naye mwenzake akamfinya.

Matofali manne yalikuwa pale, yamefungwa kanga ya maua mekundu. Kanga ambayo kila mwanamke wa mtaa ule alikuwa ameiona kiunoni mwa Blandina siku za kufua.

"Kanga ya nani hii?" aliuliza Mama Sekela, ambaye alikuwa anaijua.

Kesi ilikaliwa Jumamosi, na matofali yaliachwa palepale yawe ushahidi. Sedekia alikuwa amefika alfajiri. Yotamu, mdogo wake mzee, alikuja kutoka Mbalizi ndiye awe mwamuzi, mtu mfupi mwenye koti refu, mpenda vichekesho. Walikaa sebuleni. Mzee Abrahamu hakukaa nao, asingeweza kukaa chumba kimoja na mkamwana, kwa hiyo alibaki chumbani kwake na mlango umeachwa wazi kiasi cha mkono kupita. Blandina aliketi chini kwenye mkeka, amegeuzia mlango ule mgongo.

"Binti," Yotamu alianza, "kwetu mtu anawekewa matofali chini na juu akishakufa. Wewe ulikuwa umeanza na ya chini. Ya juu ulipanga lini?"

Watu wakacheka, kicheko cha kukunja midomo. Atupele akaongeza kwamba na sanda ilikuwa tayari, ila ya maua.

Blandina akaeleza. Hakulia, alieleza kama alivyofundishwa dukani. Chupa, kifuniko, kulaza chupa iliyojaa. Akaeleza tindikali inavyopanda mtu akilala chali, inavyounguza koo, inavyoingia mpaka njia ya hewa ndipo kikohozi kinatoka na sauti inaharibika. Akaeleza kwa nini ni kichwani na kwa nini sio mito. Akasema kanga aliifunga ili sakafu isichubuke. Akasema mume wake alimwambia afanye anavyoona.

Wote wakamgeukia Sedekia. Sedekia alikuwa anatazama simu yake iliyokuwa imezimwa.

"Aliniambia habari za kitanda," alisema. "Mimi sikuelewa ni kitanda kipi."

Blandina akamtazama. Wameoana miaka sita, na mwanaume anayejua kila mlio wa injini yake hakuelewa ni kitanda kipi.

Hata hivyo Yotamu hakuwa mjinga. Yale ya chupa yalikuwa yamemgusa, maana naye kiungulia alikuwa nacho, ndugu hawa walifanana mpaka matumbo. Akajikuna kidevu. Akasema jambo hili ni dogo, ni jambo la siku tu. Matofali yamewekwa Jumapili. Wamama wameanza kufunga Jumatatu. Mwenye kitanda yupo hai, ana mdomo, aulizwe. Kama alilala Jumapili, mwanamke huyu ana kosa la adabu, atatozwa kuku na kufundishwa, yaishe. Kama hakulala Jumapili, matofali yale hayakuwa dawa, na kama hayakuwa dawa, kila mtu aseme mwenyewe yalikuwa nini.

Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Kaka. Usingizi ulikurudia siku gani?"

Blandina alisikia kitanda kikilia, mzee akijiweka sawa. Wiki nzima mtaa ulikuwa umemsifu kama mtu aliyetembelewa na Bwana. Wamama ishirini walikuwa wamelala na njaa kwa ajili yake. Na sasa aambiwe kwamba kilichomponya ni mkono wa mkamwana chini ya godoro lake?

"Jumatatu," alisema mzee.

Na sauti ilikuwa safi. Haikukwaruza hata kidogo. Ilikuwa ile sauti ya zamani ya kuanzishia nyimbo, iliyopona kwa siku sita za kulala kichwa kikiwa juu. Akaongeza, ingawa hakuulizwa tena, "Jumapili sikufumba jicho."

Blandina akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, Jumatatu asubuhi uliniambia jikoni. Ulisema baba yenu kalala jana."

Mama Sekela alikuwa anasugua goti lake. Alilisugua juu, akalisugua pembeni.

"Mimi nimeshazeeka," alisema. "Siku zinanichanganya."

Basi ikaisha hivyo. Neno mchawi halikutamkwa, watu wa kanisa hawalitamki ovyo. Walisema aende kwao apumzike mpaka ukoo utakapomwita. Alipouliza habari za Tusa, Yotamu alimjibu kwa upole kabisa kwamba mtoto hachoki, kwa nini naye apumzishwe?

Asubuhi ya safari Atupele alimchukua Tusa mapema kwenda kumwonyesha vifaranga kwa jirani. Blandina alisimama na begi lake mpaka kondakta akamfokea. Vifaranga vilikuwa vingi sana siku ile, inaonekana, maana mtoto hakurudi. Basi likaondoka. Nyuma yake matofali yalipondwa kwa nyundo, yakamwagwa barabarani ambapo malori yanapita, na mzee akalala usiku huo kitandani palipo sawa, amekula nguruwe.

Iringa, Himmat hakumwuliza mengi. Alilitazama begi, akaitazama mikono isiyo na mtoto. "Kamwene, Blandina," alisema, kwa Kihehe chake kile cha kununulia nyanya. "Koti lako lipo palepale kwenye msumari." Akavaa, akasimama nyuma ya kaunta, akaanza kupima dawa za watu.

Wiki tano alipiga simu ya Sedekia haipokelewi. Alituma ujumbe: Tusa asivae zile soksi mbichi. Tusa akikohoa mpake mafuta kifuani. Hakujibiwa hata mmoja. Wiki ya sita, mchana, duka likiwa na watu, simu ikaita yenyewe.

"Mama Tusa," alisema Sedekia, kama mtu aliyeachana naye jana. "Mama anauliza. Yale matofali yalikuwa mawili au manne?"

Blandina akauliza kuna nini.

Kumbe mambo yalikuwa yamerudi tangu usiku uleule. Kikohozi, moto, maji machungu. Wamama walifunga tena siku tatu, wakafunga na saba. Ndipo Mama Sekela akaamua, kimya kimya, kutia matofali mwenyewe. Alitia mawili, miguuni.

"Kwa nini miguuni?"

"Wewe si uliweka kichwani? Mama akasema kama la ubaya lilikuwa kichwani, basi la uponyaji litakuwa miguuni."

Siku zile ambazo mzee alilala na miguu juu, tindikali yote ilimshukia kooni kama maji ya mfereji. Blandina alifumba macho. Akaeleza upya, polepole, manne, kichwani, sahani ndogo, jioni mapema, kidonge asubuhi. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kumweleza mteja yeyote, kwa sababu alianza kuona mlango: wamemhitaji, wamepiga wenyewe, labda neno linalofuata litakuwa njoo.

"Na anakulaje sasa?" aliuliza.

"Hali. Ugali hausukumiki, unakwama hapa kifuani. Anakunywa uji tu. Suruali anafunga kamba."

"Choo chake?"

"Cheusi. Kama lami."

Watu wa namna hiyo Himmat alikuwa hawauzii kitu. Aliwarudishia hela yao na kuwasukuma mpaka mlangoni, waende hospitali, hata wakimtukana.

"Sedekia, nisikilize," alisema. "Acha matofali. Hicho sio kiungulia cha kulala tena. Weusi huo ni damu, inavuja ndani. Mpelekeni hospitali kubwa leo, sio kesho, wampime kwa ule mpira wenye kamera wanaopitisha kooni. Mkimweka hapo ndani atakufa."

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya wote. Alilijua hilo pale aliposikia kiti kikisogezwa, na Atupele akisema kwa utulivu wa mtu aliyelipwa haki yake, "Mmesikia? Kifo kakitaja mwenyewe. Na siku kaitaja."

"Nilijua atasema hivyo," ilikuwa sauti ya Mama Sekela.

"Niiteni mnavyotaka," alisema Blandina. Wateja wote dukani walikuwa wamemgeukia, Himmat ameshika kopo hewani. "Semeni nilimloga. Semeni nilimchimbia kaburi. Lakini mpelekeni, Mama, nakuomba. Mpelekeni leo."

Kwa mbali, nyuma ya ukuta ule alioujua, mtu alikohoa, akakohoa tena, kisha akasema neno moja ambalo halikuwa na sauti ndani yake, upepo tu.

"Zima."

"Baba," mtoto aliuliza, karibu kabisa na simu, "nani huyo?"

Blandina alifungua mdomo, ila Sedekia aliwahi.

"Wa dukani," alimwambia.

Tusa akauliza kama wa dukani ana pipi, na simu ikakatwa.